Utulivu wa Saa Kumi Alasiri

4 Agosti, Jumatatu

Naiomba radhi shajara hii, ambayo sijaigusa tangu mazishi. Leo pana dharura.

Binti yangu alipiga simu kabla sijamaliza kunyoa ndevu. Shavu moja povu, shavu moja safi. Nilisimama wima, kama tulivyofundishwa misheni kusimama tunapozungumza na mtu, hata kama mtu huyo hatumwoni. Akasema amesikia kwamba siku hizi naongea na kiti. Nani kamwambia! Mjomba wake, bila shaka. Kaka wa marehemu mke wangu, mfamasia mstaafu, mtu ambaye alifunika chupa za dawa maisha yake yote lakini mdomo wake hakuupatia kizibo. Nilimweleza binti yangu kwa upole kwamba siongei na kiti. Nakisalimu tu. Ni kiti cha mama yake, kipo dirishani, na mtu mstaarabu hapiti mbele ya kiti cha namna hiyo kimya kimya kama mwizi.

Akasema ndiyo hiyo hiyo, baba. Anakuja Jumamosi. Akikuta nina watu wa kuwa nao kila siku, nitabaki hapa. Akikuta niko peke yangu, ananihamishia kwake, ghorofani, kwenye chumba kinachotazama ukuta. Ukuta huo nimewahi kuuona. Ni msafi sana. Sina baya la kuusema.

Lakini hapa! Dirisha langu linatazama reli iliyoota majani. Alasiri jua huingia bila kubisha hodi, hutambaa sakafuni, hupanda mguu wa kiti, likakaa. Nami hukaa. Hatusemeshani, hatudaiani. Vyombo vinahamishika, lakini jua lile nitalifungaje?

Kwa hiyo nahitaji watu. Upesi! Nimefikiri mchana kutwa. Shemeji yangu ana kundi la mazoezi mtandaoni, analiita Viungo Imara. Watu wanaruka mbele ya simu zao, kila mmoja ndani ya kijisanduku chake, naye anawahesabia kwa sauti ya mbuzi aliyenaswa na uzio. Mimi siwezi kuruka, goti limekataa. Ila kukaa naweza! Nimekaa miaka yote ya kazi, ndani ya kile chumba cha vioo juu ya jukwaa la stesheni, nikiwatangazia abiria habari za treni. Basi nitaanzisha mahali mtandaoni pa kutafakari kwa pamoja. Watu watakaa. Watafumba macho. Jumamosi binti yangu ataona nyuso zimejaa tele. Mpango safi kabisa!

Tafakuri yenyewe sijawahi kuifanya. Nitaisoma kesho.

5 Agosti, Jumanne

Kinyozi wa kona amekuja kunifungulia chumba. Watu wa mtandao hukiita chumba, ingawa hakina paa wala mlango. Kinyozi huyu ni mtu wa makamo mwenye kazi nyingi: hunyoa, hutengeneza simu, na hutoa ushauri wa ndoa ambao haukuombwa. Aliniuliza chumba kiitweje. Nikapendekeza Ukumbi wa Tafakuri ya Pamoja kwa Wazee, Wajane, Wagane na Wote Wenye Nia Njema. Akasema mzee wangu, hilo jina litamwagika nje ya simu. Tukakubaliana: Chumba cha Utulivu.

Mwaliko niliuandika mwenyewe. Nilianza kwa kuomba radhi kwa usumbufu, kisha kwa urefu wa mwaliko, kisha kwa kuomba radhi mfululizo. Simu ikaukatakata vipande kama muwa. Kinyozi akanionyesha namna ya kuchagua watakaoupokea. Nikaona vibaya kumbagua mtu. Nikabonyeza wote. Kumbe wote ni wote! Daktari wa meno. Ofisi ya maji. Fundi majeneza, ambaye alinipigia papo hapo, kwa sauti ya huruma sana, akauliza safari hii ni nani. Nikamwambia safari hii hakuna. Akasema atakuja hata hivyo.

Shemeji alijibu kwa picha yake akiwa amenyanyua mtungi wa gesi kwa mkono mmoja. Chini ameandika kwamba mimi nikae tu, wao watanibeba. Sikujishusha kumjibu. Nilimshukuru tu, nikamtakia afya njema, nikaomba radhi kwa kuchelewa kumshukuru.

6 Agosti, Jumatano

Kikao cha kwanza. Saa kumi alasiri. Nilivaa tai.

Wa kwanza kuingia alikuwa jirani yangu, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima humwita Mama Vifungo. Nikamsalimu. Nikamuuliza habari za kushinda, habari za mgongo, habari za cherehani, habari za wajukuu mmoja mmoja. Naye, kwa kuwa ni mtu wa adabu, akanijibu zote na kunirudishia zote. Hapo akaingia aliyekuwa mkata tiketi pale stesheni. Sasa, mtu ameingia chumbani, wewe ufumbe macho? Haiwezekani! Tukamsalimu. Akaingia fundi majeneza. Sisi watatu tukamsalimu yeye, naye akatusalimu sisi watatu, kila mmoja pamoja na nyumba yake. Akaingia bwana wa ofisi ya maji, amefunga kitambulisho shingoni, akauliza lalamiko letu ni lipi. Nikamweleza kwamba hapa hakuna lalamiko, ni utulivu tu. Alionekana kutoelewa. Akakaa.

Nikasema haya, wapendwa, sasa tufumbe macho. Tukafumba. Ting! Mgeni! Tukafumbua. Shikamoo, marahaba, za huko, njema, karibu, asante. Tukafumba tena. Ting! Huyu alikuwa amejifunika taulo usoni na kujiandikisha kwa jina la Mgeni Mwema, lakini sauti ya mbuzi haifichwi na taulo. Aliuliza kama hapa ndipo wanapogawa usingizi, kwa sababu ameleta bakuli. Nilimkaribisha kwa heshima zote. Nikamuuliza habari za viungo.

Saa ikaisha. Kuagana nako kulikuwa na muda wake, maana aliyekwisha kuagwa alirudi kumuaga aliyemsahau. Mama Vifungo akasema kwamba yeye alikuja kupumzika, mzee mwenzake, na sasa koo limemkauka.

Tafakuri hatukuifikia.

7 Agosti, Alhamisi

Kinyozi ameshauri nifunge mlango saa kumi kamili, atakayechelewa shauri yake. Siwezi! Sista aliyetulea alisema mtu akibisha unafungua kwanza, kisha unauliza. Nimepata njia nyingine. Salamu zote ziandikwe, zisisemwe. Ile ting nayo izimwe. Wachelewaji waingie kama paka.

Nimeandaa na somo. "Pumzi: Maana Yake, Asili Yake na Adabu Zake." Sehemu saba, kwa mwandiko wa misheni. Nikaketi kwenye kiti cha mke wangu, baada ya kukiomba ruhusa, kwa kuwa ndipo mwanga ulipo mzuri. Nikasoma sentensi ya kwanza: Pumzi ni kitu ambacho sisi sote tumejaliwa. Jua lilikuwa limefika magotini, zito na laini kama blanketi lililoanikwa. Nikafumba macho kidogo, kwa ajili ya kuipa sentensi uzito.

Nikajiona nimo katika chumba changu cha vioo. Chini, jukwaa limejaa watu. Wameketi juu ya mabegi yao, hakuna aliyekunja uso, hakuna anayetazama saa. Reli inang'aa kama imelambwa. Treni haipo, na kutokuwepo kwake hakumuudhi mtu. Kwenye benchi la mwisho ameketi mke wangu na mwavuli wa buluu, kama siku ile ya kwanza alipopanda ngazi zote kuja kunigombeza kwamba treni imechelewa. Siku ile nilimwomba radhi, na nikaendelea kumwomba radhi mpaka tukaoana, na baada ya hapo ndiyo kabisa. Leo hakuja kugombeza. Alikuwa ameinua uso tu, akinitazama. Upepo ulipita katika nguo yake bila kuitikisa. Nikainamia kipaza sauti, nikasema neno, sijui neno gani. Akasogea kidogo, akaacha nafasi kwenye benchi.

Nilipofumbua macho, saa ilikuwa imekwenda mbio isivyo kawaida yake. Lakini tazama! Wote walikuwepo! Wamefumba macho, midomo imelegea, mabega yameshuka. Bwana wa ofisi ya maji alikuwa amefungua kitambulisho chake na kukiweka kando, anapangusa machozi. Fundi majeneza alinong'ona kwamba hajapata kuona watu waliotulia namna hii wakiwa bado wazima.

Ni ile sentensi. Nilijua tu ina nguvu!

8 Agosti, Ijumaa

Pamejaa! Nilisogeza na kusogeza kwa kidole, nyuso haziishi. Mama Vifungo amemleta dada yake. Mkata tiketi amemleta mkewe, ambaye kwa maelezo yake hawajakaa pamoja kimya tangu harusi. Halafu kuna watu waliovaa fulana na raba, wamelala chali kwenye mikeka. Niliwatambua mara moja. Viungo Imara!

Shemeji amepiga simu. Alikuwa anatweta. Amesema nimemwibia watu. Amesema saa kumi leo amehesabu peke yake na kuruka peke yake, mpaka mke wake akatoka jikoni kuuliza kama kuna panya. Amesema mfamasia hadanganyiki, nimewatilia watu dawa ya usingizi kupitia waya. Nikamweleza kwa heshima kwamba mambo haya hayana waya. Akasema aa, hapo sasa ndipo ujanja wangu ulipo! Nikamwomba radhi kwa ujanja.

Lakini pana jambo moja limenikwaza. Baada ya kikao, Mama Vifungo alinigongea dirisha. Alisema kesho, mzee mwenzake, nianze moja kwa moja na ile ya treni, nisiwapotezee muda na mambo ya pumzi. Treni gani? Maskini, umri huo. Nikamkumbusha taratibu kwamba treni zilisimamishwa zamani. Akasema anajua, ndiyo maana. Sikumwelewa. Nilimwomba radhi kwa kutomwelewa, akaondoka akicheka na kutikisa kichwa.

Na kweli leo pia sikupita sentensi ya kwanza. Sentensi ile inatosha, na jua lilikuwa zuri mno. Lilinimwagikia mikononi kama maji ya vuguvugu. Mke wangu alikuwa amevua viatu, ameviweka chini ya benchi, vimeelekea upande mmoja kama viatu vya mtu asiye na mpango wa kuondoka. Watu wa jukwaani walikuwa wanazungumza, lakini maneno yao yalinifikia yakiwa yamelowa, bila ncha.

Kesho ni Jumamosi. Nimepiga deki. Nimepanga vidonge vyangu kwa ukubwa. Nimekisalimu kiti mara nyingi kuliko desturi. Nina hofu.

9 Agosti, Jumamosi

Binti yangu amekuja na maboksi. Matupu, yamekunjwa, akayaegemeza ukutani, yakasimama pale kama wageni waliokataa viti. Amekagua jokofu. Amekagua vidonge. Ameinua nyayo za viatu vyangu kuona kama natoka nje. Mjomba wake alikuja nyuma yake, amekunja mikono, shahidi wa upande wa mashtaka. Alisema mwana, utaona mwenyewe, mimi sina maneno mengi. Binti akamwambia mjomba, kaa. Akakaa.

Saa kumi. Nikafungua Chumba cha Utulivu, nyuso zikaibuka moja moja kama nyota zinavyoibuka, bila mtu kuona ni ipi iliyotangulia. Nikanyoosha tai. Pumzi ni kitu ambacho sisi sote tumejaliwa. Jua likapanda mguu wa kiti.

Leo nilishuka kutoka chumba cha vioo. Sijawahi kushuka nikiwa kazini! Ngazi zilikuwa laini chini ya miguu. Nikapita katikati ya abiria, wakanipisha bila kufumbua macho. Nikafika kwenye benchi la mwisho. Nikaketi katika ile nafasi. Mke wangu akasema nimechelewa. Nikasema samahani. Akasema si kitu. Tukakaa, tukitazama mahali ambapo reli mbili hukutana kwa mbali, na hakuna kilichokuja, na ilikuwa vizuri sana.

Nilipozinduka, nyumba ilikuwa kimya. Shemeji alikuwa amelala fofofo, mikono bado imekunjwa. Binti yangu alikuwa ameketi sakafuni, viatu amevua, kichwa amekilaza kwenye mkono wa kiti. Alikuwa analia bila sauti, kwa uso wa mtu aliyeoga akashiba.

Amenieleza. Naandika, ingawa kalamu inaona aibu. Nalala! Mbele ya wageni! Nasoma sentensi moja, nalala, na katika usingizi natangaza. Kwa ile sauti ya kazini, anasema, yenye mwangwi. Abiria wapendwa, tunaomba radhi. Treni ya alasiri imechelewa. Haijulikani itafika lini. Tafadhali endeleeni kukaa. Hakuna anayewaharakisha. Kisha nanyamaza kitambo kirefu. Kisha naomba radhi tena. Eti hilo ndilo wanalolijia. Bwana wa ofisi ya maji amemwambia binti yangu kwamba tangu azaliwe hakuna mtu aliyepata kumwambia hakuna haraka. Mama Vifungo amemwandikia kuuliza mzee wao anapelekwa wapi, na kwa ruhusa ya nani. Binti mwenyewe anasema alipokuwa mdogo alifanyia kazi zake za shule chini ya ngazi za chumba cha vioo, na mpaka akaenda shule ya bweni alidhani baba wote huongea hivyo, kutoka juu, wakiwaomba radhi watu wasiowajua.

Ameyarudisha maboksi garini. Nabaki! Nabaki hapa!

Kwa sharti moja. Atakuja tena mwisho wa mwezi, na akiwakuta watu wangali wapo, ndiyo basi, hataniuliza tena. Wasipokuwepo, maboksi. Kwa hiyo nisiguse kitu. Alinishika mikono yote miwili. Baba, usirekebishe. Baba, usiboreshe. Baba, nakujua. Nikaapa, mkono juu, nimesimama.

Shemeji akazinduka, akauliza kama treni imefika.

10 Agosti, Jumapili

Binti yangu ameondoka asubuhi. Nimempungia mpaka gari likapotea kwenye kona ya kinyozi.

Kisha nikakaa nikatafakari, safari hii kwelikweli. Kulala mbele ya wageni, siku baada ya siku! Na wao, kwa adabu yao, wamevumilia, na wakamtungia binti yangu sifa zile ili mzee asiaibike. Watu wema namna gani! Naye binti akazipamba kwa upendo wa mtoto. Sikuweza kuwaacha katika hali hiyo. Kiapo ni kiapo, na sijabadili kitu. Nimeondoa kasoro tu, jambo ambalo ni tofauti kabisa.

Saa kumi nilikuwa nimesimama. Pazia nimelifunga, maana jua ndilo mchochezi. Miguu ndani ya beseni la maji baridi. Kahawa nyeusi tumboni. Kwanza niliwaomba radhi wote, mmoja mmoja, kwa jina, pamoja na nyumba zao, kwa kila usingizi niliowalalia. Kisha Pumzi, sehemu zote saba, kwa sauti kamili. Nilipoona mtu amefumba macho niligonga sufuria kwa kijiko, ili asipitwe.

Matokeo yalikuwa ya ajabu! Kufikia sehemu ya pili, nyuso zilianza kuondoka. Taratibu, bila fujo, kila mmoja kwa wakati wake. Bwana wa ofisi ya maji alivaa kitambulisho chake, akapunga mkono. Wale wa mikeka walikunja mikeka. Mama Vifungo aliandika maneno mawili tu, mzee jamani, akashindwa kuendelea kwa kuguswa. Fundi majeneza alinitazama kwa muda kutoka kichwani mpaka kwenye beseni, kama mtu anayechukua vipimo, akazima. Shemeji ndiye aliyebaki hadi sehemu ya sita, amejifunika shuka. Akauliza kwa sauti ndogo sana, sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, treni iko wapi. Nikamfahamisha rasmi kwamba treni hakuna. Akasema basi, shemeji. Akatoweka.

Sehemu ya saba niliisoma mwenyewe. Mbele yangu palikuwa na uso mmoja tu, wangu, umeenea kila upande, tai imenyooka. Na kimya! Hakuna anayekohoa. Hakuna anayejikuna. Hakuna hata pumzi ya mtu. Wiki nzima hatukuwahi kuufikia utulivu wa kiwango hiki.

Nimemwandikia binti yangu kumjulisha kwamba kundi limekomaa kupita matarajio, na kwamba, akiniwia radhi, sioni sababu ya kungoja mwisho wa mwezi. Aje hata kesho, ajionee.